Tiki moja, tiki sitini: kutafuta ubovu wa vitufe na visanduku kwenye makro za Excel

"Mwanangu, hebu njoo utazame hapa," karani mkuu wa godauni moja kule Shimanzi, Mombasa, aliniambia, akanigeuzia skrini. "Nimetia tiki kontena moja, hili la juu. Moja tu." Kwenye skrini palikuwa na makontena sitini, kila moja kwenye mstari wake, na yote sitini yalikuwa na tiki ya "limetoka". Nje malori mawili yalikuwa yanangoja karatasi. Mzee hakuwa amekosea lolote. Faili ndilo lililotengenezwa vibaya.

Kazi yangu ni kurekebisha mafaili ya Excel: ya mawakala wa forodha, ya maduka ya Biashara Street, ya wasafirishaji wa Changamwe. Malalamiko ni mengi, lakini chanzo mara nyingi huwa kimoja: aliyeandika makro (msimbo unaoifanyia Excel kazi yenyewe) amekifanya kitufe kuwa ghala. Kitufe, kisanduku cha tiki na menyu kunjuzi (orodha inayofunguka ukiibofya) ni milango tu. Mzigo unapaswa kukaa kwenye seli. Mlango ukiharibika unatia mwingine, lakini ukiwa umeuficha mzigo ndani ya mlango, vyote vimekwenda pamoja.

Kabla ya yote, jua ni familia gani

Ukifungua Developer kisha Insert, utaona makundi mawili, moja juu ya jingine. La juu ni Form Controls, la chini ni ActiveX Controls. Sura zao zinafanana, lakini ni vitu viwili mbalimbali, na dawa ya huyu haimponyi yule. Kwenye faili la mtu mwingine, bofya kulia juu ya kitufe. Ukiona "Assign Macro", hicho ni cha Form. Kama hakuna kinachotokea mpaka uwashe Design Mode, na ukikichagua mstari wa fomula unaonyesha kitu kinachoanza na =EMBED, hicho ni cha ActiveX. Vitu vilivyo ndani ya UserForm, yaani lile dirisha linalofunguka peke yake, vina tabia za jamaa zake wa ActiveX.

Kwenye laha (sheet) mimi naweka vya Form tu. Vya ActiveX havifanyi kazi kwenye Excel ya Mac, na kompyuta ikiunganishwa na projekta au skrini ya ukubwa mwingine, huweza kunywea au maandishi yake kuvimba kila unapobofya. Tena mnamo Desemba 2014 sasisho za usalama za Microsoft zilifanya vitufe vya ActiveX vigome kwenye kompyuta nyingi duniani. Dawa iliyotolewa wakati ule bado inafaa kujaribiwa leo ukikuta kitufe cha ActiveX kimekufa ghafla bila mtu kugusa msimbo: funga Excel, tafuta mafaili yenye mwisho wa .exd kwenye folda ya muda ya Windows (andika %temp% kwenye dirisha la Run), yafute, kisha fungua Excel upya. Yatajitengeneza yenyewe.

Ukitia tiki moja, zote zinajitia

Huu ndio ubovu wa Shimanzi. Shikilia Ctrl, bofya kisanduku cha kwanza, kisha tazama mstari wa fomula: =$F$4. Nenda cha pili: =$F$4. Cha sitini: =$F$4. Aliyetengeneza faili aliweka kisanduku kimoja, akakiunganisha na seli F4, akakivuta chini mpaka mwisho wa orodha kama watu wanavyovuta fomula. Lakini anwani ya seli iliyounganishwa ni ya kudumu, haisogei na nakala. Visanduku sitini vikawa milango ya chumba kimoja.

Kuvirekebisha kimoja kimoja kwa mkono ni kazi ya nusu siku, na utakosea katikati. Watu wengi hukimbilia makro inayouliza kila kisanduku kiko mstari gani kupitia TopLeftCell, kisha inakiunganisha na seli ya pembeni. Karibu ifanye kazi. Tatizo ni kwamba kisanduku kilichosogezwa kwa mkono kinaweza kupanda juu ya mpaka wa mstari kwa nukta moja tu, jicho lisione, na Excel ikakihesabu kuwa cha mstari wa juu yake. Unapata visanduku viwili vinavyoandika seli moja na mstari mmoja usio na mwenyewe. Kwa hiyo mimi nageuza mpango: naanza na seli, na kila seli inapewa kisanduku chake.

Sub TengenezaTiki()
    Dim c As Range
    Dim k As CheckBox
    Application.ScreenUpdating = False
    If ActiveSheet.CheckBoxes.Count > 0 Then ActiveSheet.CheckBoxes.Delete
    For Each c In ActiveSheet.Range("E4:E63")
        Set k = ActiveSheet.CheckBoxes.Add(c.Left + 2, c.Top + 1, c.Width - 4, c.Height - 2)
        k.Caption = ""
        k.Name = "tiki_" & c.Row
        k.LinkedCell = c.Offset(0, 1).Address
        k.OnAction = "TikiImebofywa"
    Next c
    Application.ScreenUpdating = True
End Sub

Ile nukta mbili za pembeni na moja ya juu ndizo zinazokiweka kisanduku ndani ya seli yake bila kugusa mpaka. Fanya nakala ya faili kwanza, maana mstari wa Delete unafuta visanduku vyote vya laha hiyo.

Angalia pia kwamba visanduku vyote sitini vinaita makro moja. Nimeona faili lenye makro Tiki1, Tiki2, Tiki3 hadi ya mwisho, zote zikiwa na maneno yale yale isipokuwa namba ya mstari. Siku bosi alipotaka muda wa kutoka uandikwe pia, mwandishi alibadilisha thelathini akachoka. Application.Caller hukuambia ni nani aliyebisha hodi:

Sub TikiImebofywa()
    Dim r As Long
    r = ActiveSheet.Shapes(Application.Caller).TopLeftCell.Row
    If ActiveSheet.Cells(r, "F").Value = True Then
        ActiveSheet.Cells(r, "G").Value = Now
    Else
        ActiveSheet.Cells(r, "G").ClearContents
    End If
End Sub

Ukiijaribu hii kwa kubonyeza F5 ndani ya kihariri cha msimbo itakupa hitilafu, na si kwamba imeharibika: hakuna kitufe kilichoiita, kwa hiyo hakuna jina la kurudisha. Ijaribu kwa kubofya kisanduku chenyewe.

Na kama kompyuta zote za ofisi zina Microsoft 365 ya karibuni, fikiria kama unavihitaji visanduku hivi kabisa. Tangu 2024 kuna kisanduku cha tiki kinachokaa ndani ya seli yenyewe, kwenye menyu ya Insert. Hakielei juu ya laha, ukikinakili kinakwenda na seli yake, na thamani yake ni TRUE au FALSE moja kwa moja. Godauni ya Shimanzi ilikuwa na matoleo matatu tofauti ya Excel kwenye kompyuta nne, ndiyo maana sikukitumia.

Unabofya kitufe cha mstari huu, kinafanya kazi kwenye mstari mwingine

Mara nyingi ni majina. Ukikipa kitufe jina lako mwenyewe kisha ukakinakili, nakala inaweza kubaki na jina lile lile, na Shapes("kitufeFuta") itamchukua wa kwanza inayemkuta. Kitufe cha FUTA kinachofuta mstari wa jirani ni hatari kuliko kisichofanya kitu. Vipe majina kwa msimbo, kwa namba ya mstari, kama hapo juu.

Faili limekuwa zito, linafunguka polepole, ingawa data ni kidogo

Fungua kihariri, bonyeza Ctrl+G, andika ?ActiveSheet.Shapes.Count kisha Enter. Faili la duka moja la vipuri lilinipa namba ya maelfu, wakati kwa macho laha ilikuwa na vitufe sita. Kila mwezi walinakili mistari ya mwezi uliopita pamoja na visanduku vyake, kisha wakafuta mistari. Visanduku vikabaki, vimebanwa hadi urefu wa sifuri, kimoja juu ya kingine. Pitia maumbo yote, ukifuta yale ambayo Height yake ni chini ya 1. Anza na wa mwisho ukirudi nyuma hadi wa kwanza, la sivyo utaruka baadhi yao unapofuta.

Menyu kunjuzi inaonyesha mji mmoja, ripoti inasema mwingine

Hapa mzigo umewekwa ndani ya mlango kwa maana halisi ya neno. Menyu kunjuzi ya Form haiandiki jina kwenye seli iliyounganishwa, inaandika namba ya nafasi. Msafirishaji mmoja alikuwa na orodha ya vituo: Eldoret, Juba, Kampala, Kigali, Nairobi. Safari za Kampala zilihifadhiwa kama 3. Mwaka uliofuata akapata kazi ya Bujumbura, akaiongeza juu kwa sababu orodha ilipangwa kwa alfabeti. Kuanzia dakika ile kila safari ya zamani ya Kampala ilisomeka Juba. Hakuna hitilafu iliyotokea, hakuna onyo. Waligundua walipokuwa wanahesabu dizeli.

Hifadhi jina. Makro ya menyu iandike neno kwenye seli, na namba ibaki ya kazi ya ndani tu:

Sub MjiUmechaguliwa()
    Dim d As DropDown
    Set d = ActiveSheet.DropDowns(Application.Caller)
    If d.ListIndex > 0 Then
        d.TopLeftCell.Offset(0, 1).Value = d.List(d.ListIndex)
    End If
End Sub

Kama tofauti ni ya hatua moja tu kila mara, ukichagua Kampala inakuja Juba, basi umehamisha msimbo kutoka familia moja hadi nyingine. Menyu ya Form huhesabu kuanzia 1, na 0 maana yake hakuna kilichochaguliwa. Ya ActiveX na ya UserForm huhesabu kuanzia 0, na kutochagua ni -1.

Mahali pengi, kusema kweli, Data Validation yenye orodha ingetosha. Hainunui ugomvi wowote kati ya haya.

Fomu (UserForm) inakwama unapoandika, au makro inajiita yenyewe

Tukio la Change, yaani msimbo unaoitwa kisanduku kikibadilika, huamka kwa kila herufi. Karani akiandika namba ya kontena, ambayo ina herufi nne na tarakimu saba, na wewe umeweka utafutaji wa laha nzima ndani ya Change, umetafuta mara kumi na moja kabla hajamaliza. Kwenye UserForm hamishia kazi hiyo AfterUpdate, ambayo hungoja mtu amalize na kutoka.

Kujiita yenyewe ni jambo jingine. Msimbo wako ukibadilisha thamani ya kisanduku cha ActiveX au cha UserForm, Change ya kisanduku hicho inaamka kana kwamba mtu ameandika. Wengi huandika Application.EnableEvents = False wakashangaa haisaidii. Haisaidii kwa sababu inanyamazisha matukio ya Excel, kama laha kubadilika, na haiwagusi hawa. Weka kigeu chako juu ya moduli ya fomu:

Private mNajaza As Boolean

Kiwe True kabla ya kujaza, False baada ya kumaliza, na kila Change ianze na If mNajaza Then Exit Sub. Vya Form havina shida hii. Ukibadilisha thamani yake kwa msimbo, makro yake haiitwi.

Kama fomu inachelewa wakati wa kufunguka, tazama inavyojaza orodha. AddItem mara mia nne, kila mara ikisoma seli moja, ni sawa na kubeba gunia la mchele punje kwa punje. Chukua safu nzima kwa mkupuo:

Me.cboMteja.List = Worksheets("Wateja").Range("A2:A401").Value

Mambo mawili ya kujihadhari nayo. Orodha ikiwa na mteja mmoja tu, Range ya seli moja hairudishi safu ya thamani (array) bali thamani moja, na mstari huu utagoma. Huyo mmoja mwongeze kwa AddItem. Na ukipata hitilafu 70, "Permission denied", unapotumia AddItem, tazama RowSource ya kisanduku hicho. Ikiwa imeandikwa kitu, orodha ni ya laha, wewe huruhusiwi kuiongeza. Ifute RowSource kwanza.

Vitufe vilivyotengenezwa na msimbo havisikii

Umefuata maelekezo, umeandika moduli ya darasa (class module) yenye Public WithEvents Kitufe As MSForms.CommandButton, vitufe vinaonekana kwenye fomu, unabofya, kimya. Tazama ulipotangaza Collection inayoyashika madarasa hayo. Ikiwa imetangazwa ndani ya UserForm_Initialize, inakufa mara Initialize inapomalizika, na wasikilizaji wako wote wanakufa nayo. Ipandishe juu kabisa ya moduli ya fomu: Private mVitufe As New Collection. Ni hilo tu. Na usitafute AfterUpdate wala Exit ndani ya darasa la namna hii. Hazipatikani kwa njia hiyo, utabaki na Change, Click na wenzake.

Jumla hazibadiliki hata ukibadilisha namba

Makro fulani ilizima hesabu kwa xlCalculationManual ili iende haraka, ikakwama katikati, haikuiwasha tena. ScreenUpdating hujirudisha makro ikiisha. Calculation na EnableEvents hazirudi. Kila makro inayozizima iwe na On Error GoTo inayopeleka mahali pa kuziwasha, hata mambo yakiharibika.

Linafanya kazi kwangu, kwa mwenzangu halifanyi

Kama limehifadhiwa kama .xlsx, makro zimeachwa nyuma, hifadhi kama .xlsm. Kama amelifungua kwenye simu alikotumiwa kwa WhatsApp, vitufe ataviona lakini Excel ya simu haiendeshi makro, wala ya kwenye kivinjari. Kama ni kompyuta na kuna mstari mwekundu unaosema makro zimezuiwa, ni ulinzi ambao Microsoft ilianza kuusambaza 2022 kwa mafaili yanayotoka kwenye intaneti. Funga faili, libofye kulia, Properties, tia tiki Unblock. Fanya hivyo kwa faili unalojua limetoka kwa nani, si kwa lolote.

Namba na tarehe zinaingia zikiwa zimegeuka

Hili nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo linalokula fedha za watu. Kisanduku cha maandishi kwenye fomu hurudisha maandishi, hata ukiandika namba. Ukijumlisha visanduku viwili kwa alama ya +, 200 na 300 vitakupa 200300. Ukitumia Val kuvigeuza, 45,000 itakuwa 45, kwa sababu Val husimama ikikutana na koma. Gharama ya kuhifadhi kontena ya shilingi elfu arobaini na tano ikaingia kama shilingi arobaini na tano, na hakuna aliyeona mpaka hesabu za mwisho wa mwezi. Angalia kwanza kwa IsNumeric, kisha tumia CDbl, ambayo inaielewa koma ya maelfu kwa mipangilio tunayotumia hapa.

Tarehe ni mbaya zaidi kwa sababu hukosea nusunusu. Karani anaandika 05/03/2024, maana yake tarehe tano Machi. Msimbo unaichukua kama maandishi na kuitia moja kwa moja kwenye seli, na VBA, lugha ya makro hizi, inaisoma kwa mpangilio wa Marekani: tarehe tatu Mei. Lakini 25/03/2024 haiwezi kugeuzwa, hakuna mwezi wa ishirini na tano, kwa hiyo inabaki Machi. Faili linakuwa sahihi kuanzia tarehe 13 mpaka mwisho wa mwezi, na si sahihi siku za mwanzo. Mtu anayejaribu fomu yake tarehe 20 ataapa kwamba haina kosa.

CDate hufuata mipangilio ya kompyuta, na kompyuta moja ya ofisi ikiwa bado na mpangilio wa Marekani, umerudi pale pale. Mimi naivunja mwenyewe:

Private Function SomaTarehe(ByVal t As String) As Date
    Dim p() As String
    p = Split(Trim(t), "/")
    SomaTarehe = DateSerial(CInt(p(2)), CInt(p(1)), CInt(p(0)))
End Function

Kabla ya kuiita hakikisha kuna vipande vitatu, na baada ya kuiita linganisha Day ya jibu na siku iliyoandikwa. DateSerial haikatai 31/02. Inaisogeza kimya kimya mpaka Machi.

Hiyo inatibu tarehe zijazo. Zilizokwisha kuingia hazitibiki kwa makro, kwa sababu seli yenye 3 Mei inaweza kuwa 3 Mei ya kweli. Ongeza safu yenye =DAY(A2)<=12, chuja zile zilizo TRUE, na uanze na makontena ambayo tarehe ya kutoka inatangulia ya kuingia. Kule Shimanzi tulichapisha orodha hiyo, mzee akaleta majalada ya karatasi za kupokelea mizigo, akawa ananisomea tarehe moja moja mimi naandika, mpaka adhuhuri.